Sista Akikuuliza Mtoto Hucheza na Nani

Kama unafua, unapika au unanyonyesha, endelea na kazi yako lakini tega sikio. Leo tunazungumza na mama, nyanya, shangazi na kila mtu anayelea mtoto wa shule, kuanzia yule anayeingia chekechea mpaka yule anayekaribia kubaleghe.

Sote twajua jinsi uchunguzi wa afya shuleni ulivyo. Watoto hupanga mstari, hupanda mizani mmoja mmoja, hupimwa kimo, hufungua kinywa meno yaangaliwe, hufunika jicho moja na kusoma herufi ukutani. Mahali penye minyoo hupewa tembe. Hayo yote ni mazuri na ni ya lazima. Lakini unaweza pia kumkuta sista au daktari akiweka mizani kando na kukuuliza maswali ya namna nyingine kabisa. Mtoto hulala vipi usiku? Hucheza na nani? Alianza kusema akiwa na umri gani? Akikasirika hutulia baada ya muda gani? Ukimtuma dukani vitu viwili, hurudi na vyote viwili?

Mama wengi wakisikia maswali haya hushtuka. Mmoja hudhani anapelelezwa jinsi anavyolea. Mwingine hudhani mtoto wake ameonekana kuwa na wazimu. Basi hujibu upesi, "Hana shida, sista," na uchunguzi huwa umekwisha hapo hapo. Ndiyo sababu nimechagua jambo hili leo. Macho na meno yanaweza kuchunguzwa bila wewe kusema neno, lakini hisia za mtoto, tabia yake na ukuaji wa akili yake hujulikana kwa ulimi wako. Sista atakaa naye dakika kumi. Wewe umekaa naye miaka minane.

Huenda ukauliza, kwa nini mambo haya yatafutwe wakati mtoto yuko shuleni, na si alipokuwa mchanga? Unakikumbuka kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto ulichopewa kliniki? Ndani yake mna chati ya uzani, mna chanjo, na mna ukurasa unaoonyesha mtoto hutarajiwa kuketi, kutembea na kusema akiwa na umri gani. Chati ile hukoma mtoto akitimiza miaka mitano. Na kusema kweli mama wengi huacha kliniki mapema zaidi, mara tu chanjo ya pili ya surua ya miezi 18 inapokwisha. Kuanzia hapo mhudumu wa afya hamwoni mtoto mpaka siku atakapougua. Kisha anaingia chekechea akiwa na miaka minne, gredi ya kwanza akiwa na sita, na mambo mengi yaliyokuwa yamejificha ndipo huanza kuonekana. Nyumbani, mtoto anayechelewa kuelewa hufichwa na upendo wa ndugu zake. Dada yake humfunga vifungo, humjibia wageni, humtafutia kiatu cha pili. Darasani hana dada wa kumjibia.

Kuna sababu nyingine. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya mtu kufikisha miaka 14, na nusu huanza kabla ya miaka 18. Kwa hivyo miaka ya shule ndiyo miaka ya kuangalia.

Serikali yetu ya Kenya ilitoa sera ya afya shuleni mwaka wa 2009 na kuirekebisha mwaka wa 2018, na sera hiyo huitazama afya ya mtoto kwa upana, si vyoo na minyoo peke yake. Kwenye karatasi ni sera nzuri. Lakini wewe na mimi twajua kuna shule ambazo sista hafiki muhula mzima. Kama shule ya mtoto wako ni mojawapo, usingoje gari la afya lije. Yote nitakayosema leo unaweza kuyapeleka mwenyewe katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe.

Sasa tuelewane kuhusu kazi ya uchunguzi huu. Unapochagua mchele kwenye sinia, huweka kando kila punje unayoitilia shaka. Ukiitazama vizuri, moja ni jiwe, nyingine ni mchele safi uliobadilika rangi tu, nawe huurudisha. Maswali ya sista ni hiyo kazi ya kuweka kando. Mtoto akiwekwa kando, haijasemwa kwamba ni mgonjwa. Imesemwa kwamba atazamwe tena na mtu mwenye ujuzi na muda zaidi. Wako watakaotazamwa na kuonekana wazima. Hasara yao ni asubuhi moja tu na nauli.

Maswali yenyewe hayana siri. Kuna maswali kumi yaliyotumiwa katika nchi mbalimbali kwa watoto wa miaka miwili hadi tisa. Hapa kwetu watafiti wa KEMRI waliyajaribu Kilifi kwa watoto wa miaka sita hadi tisa, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2004. Hayahitaji mashine wala sindano. Mzazi huulizwa kama mtoto alichelewa kuketi, kusimama au kutembea, kama ana shida ya kuona, kama ana shida ya kusikia, kama huelewa akiambiwa jambo, kama mkono au mguu wake ni dhaifu, kama hupata degedege au hupoteza fahamu, kama hujifunza kazi kama wenzake, kama husema, kama usemi wake hueleweka na watu wasio wa nyumbani, na mwisho kama, akilinganishwa na watoto wa rika lake, huonekana kuwa nyuma. Hebu yajibu hayo kimoyomoyo sasa hivi kuhusu mtoto wako.

Lakini maswali hayo kumi huvua samaki wakubwa. Mtoto anaweza kuona vizuri, kusikia vizuri na kukimbia kama swara, na bado akawa anaumia. Kwa mtoto wa namna hiyo kuna fomu nyingine, iliyotungwa na daktari wa Uingereza aitwaye Robert Goodman na kuchapishwa mwaka wa 1997, nayo hutumiwa katika nchi nyingi. Ina sentensi fupi 25. Kwa kila moja mzazi au mwalimu huchagua kama si kweli, ni kweli kiasi, au ni kweli kabisa, akifikiria miezi sita iliyopita. Baadhi huangalia wasiwasi na huzuni, baadhi ugomvi na ukaidi, baadhi kutotulia, baadhi jinsi mtoto anavyopatana na wenzake. Na kundi la mwisho, ambalo mimi hulipenda sana, huuliza kuhusu wema wake: hugawa chakula? humsaidia aliyeumia? Mtoto wa miaka 11 na zaidi anaweza kuijaza yake mwenyewe, na mara nyingine majibu yake huwa tofauti kabisa na ya mama yake.

Iwe ni fomu hii au ile, au sista anauliza kwa mdomo tu, jibu linalosaidia ni lile lenye habari ndani yake. Akikuuliza, "Mama, huyu kijana ana marafiki?" ukijibu "ndiyo" hujamwambia kitu. Lakini ukisema, "Sista, tangu Januari haendi tena kwa jirani kucheza. Akitoka shule huketi nyuma ya nyumba peke yake mpaka giza liingie," hapo umemfungulia mlango. Taja mwezi lilipoanza. Taja hutokea mara ngapi kwa juma, na kama hutokea nyumbani tu, shuleni tu, au kote kuwili. Mtoto anayewasumbua watu kote kuwili na yule anayesumbua mahali pamoja hawatazamwi kwa jicho moja.

Chukua daftari ya zamani ya mtoto na kwa majuma mawili kabla ya siku ya uchunguzi uandike mambo machache. Alilala saa ngapi, aliamka kwa hofu au la, alilia kwa sababu gani, nani alikuja kumtafuta wacheze. Muulize pia mwalimu wa darasa, kwa adabu: "Mwalimu, wakati wa mapumziko mtoto wangu huwa na nani?" Na kama wewe ni nyanya unayelea wajukuu kwa kuwa mama yao yuko kazini Nairobi, Mombasa au Saudia, mpigie simu kabla ya siku hiyo. Muulize kama mtoto alilia mara moja alipozaliwa au alichelewa, alitembea lini, na kama aliwahi kulazwa. Mambo hayo anayajua yeye, nayo yataulizwa.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watoto wetu hupigwa bure. Tabia nyingi tunazoziita ujinga, ukaidi au utundu huwa na chanzo ndani ya mwili.

Mtoto anayeitwa mara tatu bila kuitika huenda hasikii. Kama masikio yake hutoa usaha mara kwa mara, au huongeza sauti ya redio kila mara, au humtazama msemaji mdomoni, mwambie sista. Mtoto asiyemaliza kunakili kazi ya ubaoni huenda haoni ubao, na amekuwa akiadhibiwa kwa uvivu. Yuko yule anayenyamaza ghafla katikati ya sentensi, akakodoa macho hewani kwa sekunde chache bila kuitika, kisha akaendelea kama kwamba hapakuwa na kitu. Hicho chaweza kuwa kifafa, ingawa haanguki wala hatoi povu. Mwalimu humwita mwotaji wa mchana, na kila mara akikodoa macho hupitwa na kipande cha somo. Mtoto mwenye upungufu wa damu, kwa minyoo au kwa lishe duni, huchoka na hawezi kukaza mawazo kitabuni.

Na tafadhali, kama mtoto aliwahi kulazwa kwa malaria iliyopanda kichwani au kwa ugonjwa wa utando wa ubongo, sema, hata kama ni miaka minne iliyopita na ulishasahau. Uchunguzi uliofanywa Kilifi umeonyesha kwamba baadhi ya watoto wanaopona malaria hiyo hubaki na kifafa, shida ya kusema, kumbukumbu hafifu au tabia iliyobadilika. Mama husema, "Alipona kabisa, sista," kwa sababu aliondoka hospitalini akitembea. Kutembea peke yake hakutoshi kuonyesha kwamba amepona.

Kisha kuna mambo ya moyo. Mtoto huomboleza pia, ingawa hatuambii. Baba amefariki, wazazi wametengana, nyumba imebomolewa au imechukuliwa na mafuriko, amehamishiwa shule mpya ambako wakubwa humnyang'anya chakula. Mtu mzima husema ana huzuni. Mtoto husema tumbo linauma kila Jumatatu asubuhi. Au yule aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani tangu zamani huanza tena akiwa na miaka tisa. Usimchape wala usimwanike na blanketi lake mbele ya wenzake. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, huenda ni kisukari, huenda kuna jambo linalomtisha, nawe hutajua ni lipi kama hukumpeleka.

Nitaje jambo moja ambalo hata sisi wahudumu wakati mwingine hulipuuza, nalo ni lugha. Mtoto amelelewa kwa nyanya yake akisema Kikamba au Dholuo, muhula huu ameletwa mjini, na anaulizwa maswali kwa Kiingereza. Ananyamaza, naye anaandikwa kuwa mzito wa kuelewa. Una haki ya kusema, "Daktari, naomba aulizwe kwa lugha anayoijua." Kutojua Kiingereza si ulemavu.

Siku ya uchunguzi yenyewe, usimfundishe mtoto majibu njiani. Usimjibie. Akiulizwa jina la rafiki yake akakaa kimya, ngoja. Kimya hicho nacho kina habari. Sista akiomba kuzungumza na mtoto mkubwa peke yake kidogo, usiudhike. Kuna mambo mtoto hawezi kuyasema mbele ya mama, si kwa sababu hakupendi, bali kwa sababu hataki kukuumiza, au aliyemwonya asiseme ni mtu wa karibu. Wewe nawe unaweza kuuliza, "Sista, karatasi hii itasomwa na nani?" Ni swali halali. Habari za mtoto si za kuzungumzwa katika chumba cha walimu wala kanisani.

Kisha majibu. Mara nyingi utaambiwa hakuna la kutia wasiwasi. Mara nyingine utaambiwa urudi baada ya miezi mitatu. Na mara nyingine utapewa barua ya kwenda mbele: kwa daktari wa hospitali ya kaunti, kwa mshauri, au kwa vituo vya kuwatathmini watoto kielimu, ambavyo walimu wengi huviita EARC. Vituo hivyo vilianza nchini mwaka wa 1984. Huko mtoto huangaliwa kusikia, kuona, kusema, viungo na uwezo wa kujifunza, na mzazi hushauriwa mahali panapomfaa kusoma: katika darasa la kawaida akisaidiwa, katika kitengo maalumu ndani ya shule ya kawaida, au katika shule maalumu. Mwalimu mkuu au ofisi ya elimu ya kaunti ndogo watakuelekeza kilipo cha karibu. Nairobi, katika taasisi ya elimu maalumu ya KISE iliyoko Kasarani, kuna pia kituo cha tathmini. Uliza siku za kazi na kama kuna malipo kabla hujaondoka nyumbani, maana safari ya bure huvunja moyo, na wako waliorudi nyumbani hivyo na barua ikabaki chini ya godoro.

Barua hiyo si ya kumtoa mtoto shuleni. Wapo wazazi wanaoogopa hilo, na ndiyo maana huficha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 hairuhusu shule kumbagua mtoto wakati wa kumwandikisha, na inakataza kumpiga mwanafunzi au kumtesa kiakili. Mwalimu akikuambia, "Huyu hatumwezi, mrudishe nyumbani," muulize kwa upole kama amekwisha kufanyiwa tathmini, na uende ofisi ya elimu.

Wengine watakuambia mtoto amerogwa, au ana mapepo, au ni laana ya ukoo. Kumwombea mtoto ni vyema, na hakuna daktari atakayekuzuia. Lakini mwenye kifafa anahitaji dawa kila siku, na sala na tembe havigombani. Wengine watakuambia, "Mngoje, hata baba yake alichelewa kusema." Huenda ni kweli. Ngoja ukiwa umeshamwonyesha mtaalamu.

Kuna mambo ambayo hayangojei siku ya uchunguzi wala muhula kwisha. Mtoto akisema anataka kufa, au ukimwona anajiumiza makusudi, mpeleke hospitali leo, na umwondolee karibu dawa za mimea, dawa za wadudu na tembe zote za nyumbani. Mtoto akipoteza uwezo aliokuwa nao, kwa mfano alikuwa akisema akaacha, au akipata degedege, mpeleke siku hiyo hiyo. Na akikuambia mtu amemshika vibaya, mwamini kwanza. Mpeleke hospitali kabla hujamwosha na kabla hujafua nguo alizovaa, umwone afisa wa watoto au polisi, na usikubali mambo yamalizwe na wazee kwa mbuzi. Nambari 116 ya simu ya watoto hupokelewa usiku na mchana bila malipo, na hata wewe mzazi unaweza kuipiga kuomba ushauri.

Kwa mama ambaye ameshapewa barua na sasa anangoja tarehe: katika majuma hayo mtoto bado ni yule yule. Mpe kazi anayoiweza, na umsifu akiimaliza. Mpe agizo moja kwa wakati mmoja, ukiwa umemtazama usoni, badala ya kupaza sauti kutoka jikoni. Alale saa ile ile kila siku, na televisheni izimwe mapema. Mwombe mwalimu amketishe mbele. Usimwite jina baya, na usiruhusu ndugu zake wamwite, hata kwa utani. Ukifika, nenda na kijitabu cha kliniki hata kama kimechanika, ripoti za shule, dawa anazotumia na ile daftari yako. Kama baba anaweza kuja, aje, kwa sababu maagizo yanayosikiwa na mmoja hupotea njiani.

Tarehe ya kurudi iandike nyuma ya mlango. Ukikosa nauli siku hiyo, mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwenu akusaidie kupanga siku nyingine, usiache tu.

Juma lijalo, siku na saa kama hii, tutazungumza kuhusu masikio yanayotoa usaha na jinsi ya kuyasafisha bila kuyadhuru. Kwaheri kwa sasa.